Kazi, kipato na kuridhika ugenini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Maswali haya yanatoka kwa watu wa pande mbili. Wapo wazazi wa Ngamiani na Makorora wenye watoto Muscat, Jeddah au Ulaya, pamoja na vijana wanaohangaikia pasipoti ili wafuate njia hiyohiyo. Na wapo waliohamia Tanga wenyewe, kutoka Burundi, Kongo, Komoro au Kigoma, wanaotafuta riziki bandarini, mashambani na sokoni Mgandini. Wote huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: nikipata kazi na hela, nitaridhika? Tumeanza na ya msingi, tukaenda hadi yale magumu. Palipo na jambo lililokwisha kuelezwa, tumekuelekeza kwenye namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Kuridhika na maisha ni nini, na kunapimwaje?

Watafiti wengi hutumia swali la ngazi, lililobuniwa na Mmarekani Hadley Cantril miaka ya 1960. Unaambiwa uwaze ngazi yenye vipago kuanzia 0 hadi 10. Juu kabisa ni maisha bora kuliko yote unayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Leo umesimama kipago cha ngapi?

Swali hilo si sawa na kuulizwa kama jana ulicheka, ulikasirika au ulilia. La ngazi linataka hukumu yako juu ya maisha yako yote. La jana linataka hali ya moyo. Dada anayelea watoto wa watu Muscat anaweza kujiweka kipago cha 7 kwa sababu nyumba ya mama yake Mikanjuni imefika kwenye lenta, na usiku huohuo akalia kwa upweke. Yote mawili ni kweli. Kila utakaposikia kwamba wahamiaji "wana furaha" au "hawana furaha", uliza kwanza wamepimwa kwa lipi.

2. Je, hela zaidi huleta kuridhika zaidi?

Ndiyo, na anayemwambia maskini kwamba hela si kitu anamwonea. Ila nyongeza hupimwa kwa uwiano wake na kile ulicho nacho. Kutoka laki 2 kwa mwezi hadi laki 4 kunampandisha mtu ngazi karibu sawa na anavyopanda mwingine kutoka milioni 2 hadi milioni 4. Laki 2 za ziada ni ukombozi kwa mkata mkonge, na meneja wake hata hazimshtui.

Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walionyesha kwamba Marekani hali ya moyo ya kila siku iliacha kupanda pale kipato cha kaya kilipofika kama dola 75,000 kwa mwaka, ingawa ngazi iliendelea kupanda. Mtafiti mwingine, Matthew Killingsworth, akapata matokeo tofauti, na mwaka 2023 yeye na Kahneman wakachapisha utafiti wa pamoja: kwa walio wengi hata hali ya moyo huendelea kupanda, isipokuwa kwa kundi la wenye huzuni kuliko wote, ambao hela huwasaidia hadi mahali fulani kisha basi. Kundi hilo tunalitaja kwa makusudi. Mtu aliyefiwa, aliyeachwa, au aliyepita njia mbaya ya kuzamia haponi kwa nyongeza ya mshahara peke yake.

3. Kwa wastani, wahamiaji huridhika zaidi baada ya kuhama?

Walio wengi, ndiyo. Ripoti ya dunia ya furaha ya mwaka 2018 ilishughulikia uhamiaji na kulinganisha wahamiaji wa nchi 117. Mpangilio wa nchi kwa kuridhika kwa wahamiaji ulifanana sana na mpangilio wa wenyeji, na Finland ilikuwa ya kwanza kote kuwili. Maana yake ni kwamba mhamiaji hula kwa sehemu kubwa matunda ya nchi alikofikia: usalama, hospitali, mamlaka zisizomsumbua. Ripoti hiyohiyo ilikadiria kwamba mhamiaji hupandisha tathmini ya maisha yake kwa wastani wa asilimia 9 hivi.

Lakini wanaohama si watu wa kawaida. Mara nyingi ni wenye nguvu, wenye nauli na wenye kiu, kwa hiyo kuwalinganisha na waliobaki ni vigumu. Ndiyo maana utafiti wa Tonga tunaupenda. New Zealand ilikuwa ikiwapa Watonga nafasi 250 kwa mwaka kwa bahati nasibu, na watafiti wakawalinganisha walioshinda na walioshindwa: watu wenye hamu ileile, waliotenganishwa na kura tu. Walioshinda na kuhama walipata kipato kikubwa zaidi kwa mbali. Afya yao ya akili ilikuwa bora. Na bado walipoulizwa kuhusu furaha yao, ilikuwa imeshuka.

4. Sasa inakuwaje kipato kipande na furaha ishuke?

Sababu kubwa ni mtu unayejilinganisha naye. Ukiwa Muheza unajipima na jirani mwenye miti ya michungwa kama yako. Ukifika mji mkubwa unajipima na wenye gari. Watafiti John Knight na Ramani Gunatilaka walilikuta hilo China kwa takwimu za mwaka 2002: watu wa vijijini waliohamia mijini walikuwa na kipato kikubwa kuliko waliobaki kijijini, lakini waliridhika kidogo kuliko wao. Matarajio yao yalikimbia mbele ya mshahara. Hawakukosea hesabu walipohama. Walichoshindwa kukiona ni kwamba wao wenyewe wangebadilika.

Mchumi Richard Easterlin alikuwa ametoa hoja inayokaribiana na hiyo mwaka 1974: ndani ya nchi moja matajiri huridhika kuliko maskini, ila nchi nzima inapotajirika watu wake hawaongezeki kuridhika kwa kiwango hicho. Mpaka leo wachumi wanaibishania hoja yake. Kwa mhamiaji hoja hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu yeye ana mizani mbili, ya nyumbani na ya ugenini, na mara nyingi mwanzoni hutumia ya nyumbani. Miaka ikienda huhamia ya ugenini, na hapo ndipo anaposhangaa kwamba mshahara uleule umekuwa mdogo.

## Kazi yenyewe

5. Ndugu zangu hawaninyimi kitu, nakula nalala. Mbona kukosa kazi kunanimaliza hivi?

Kwa sababu kazi inatoa vitu ambavyo sahani ya wali haitoi. Kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, kiwanda chake kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mtafiti Marie Jahoda na wenzake wakaenda kukitazama kwa karibu. Watu walikuwa na muda tele kuliko wakati wowote, lakini walisoma vitabu vichache zaidi vya maktaba na wanaume walitembea polepole zaidi barabarani. Siku ilikuwa imepoteza umbo lake.

Hilo lilipimwa baadaye Ujerumani kwa takwimu za miaka ya 1980, kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi. Sehemu kubwa ya maumivu ya kukosa kazi haikutokana na kipato kilichopotea. Ilitokana na kukosa kazi kwenyewe. Kwa mgeni huongezeka jambo moja: kazini ndiko anakojifunza lugha, anakopata anayemsalimia kwa jina, anakojua nani anapangisha chumba Chumbageni kwa bei ya kweli. Mwenyeji asiye na kazi bado ana baraza la kukaa jioni. Mgeni asiye na kazi hana.

Kwa hiyo kama unampokea ndugu kutoka mbali, usimwambie apumzike miezi. Hata kibarua cha kutwa, hata kusaidia kwenye duka la mtu, ni bora kuliko kuhifadhiwa ndani kwa huruma.

6. Nina shahada, huku naosha vyombo. Mshahara ni mkubwa kuliko wa nyumbani, mbona siridhiki?

Unajilinganisha na wewe wa jana. Kazi iliyo chini ya elimu hulipa mfuko na kuacha deni la heshima. Wengi hulivumilia wakiamini ni la muda, na kwa kweli mwaka wa kwanza linavumilika. Hatari ni pale la muda linapofika mwaka wa tano, ustadi umeota kutu na hakuna mwajiri anayeuamini tena.

Dawa ya kwanza ni vyeti. Kwa waliohamia Tanzania, shahada za nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) zitambuliwe, na vyeti vya sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani (NECTA) vilinganishwe. Fanya hivyo mapema, kabla hujazoea kibarua. Kwa wanaotoka, chunguza kabla ya kusafiri kama nchi unayokwenda inatambua fani yako. Muuguzi, mwalimu na fundi umeme hudaiwa leseni karibu kila mahali.

7. Nimepata nafasi ya kazi za ndani Uarabuni. Mshahara ukilipwa wote, nitaridhika?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote na akina dada wa Tanga, na hatutaki kulijibu kwa mkato. Wapo waliokwenda wakajenga, wakasomesha, wakarudi na mtaji, na hawajutii. Kuwaambia mabinti kwamba kila anayekwenda huumia ni kuwadanganya, na wakishajua umewadanganya hawatakusikiliza kwenye onyo la kweli.

Onyo la kweli ni hili. Kwenye nchi nyingi za Ghuba ukaazi wako umefungwa kwa mwajiri, kwa mfumo wa kafala. Ukiondoka kwake bila ruhusa unaweza kuhesabiwa mtoro. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 yaliyolegeza kamba hiyo hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza hali ya Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kuchukuliwa, saa nyingi za kazi bila mapumziko, mishahara kupunjwa au kutolipwa, na kwa baadhi yao kupigwa na kudhalilishwa.

Mshahara uleule, kwa hiyo, huleta maisha mawili tofauti kabisa. Mwenye simu yake, siku ya kupumzika na pasipoti mkononi ana uwezo wa kusema hapana. Asiye navyo, mshahara wake unategemea tabia ya mtu mmoja aliye nyuma ya mlango mmoja. Usiulize "wanalipa ngapi?" tu. Uliza simu nitakaa nayo? Nani atashika pasipoti? Kuna siku ya kupumzika? Nyumba ina watu wangapi? Mkataba upitie TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, uusome kwa lugha unayoielewa, na uache nakala kwa mtu mmoja nyumbani asiyeogopa kupiga simu ubalozini. Wakala anayekuhimiza upite nchi jirani ili kukwepa taratibu hizo anajua kwa nini anakuhimiza.

8. Kujiajiri ugenini ni bora kuliko kuajiriwa?

Hutegemea kama umechagua au umesukumwa. Aliyefungua genge kwa mpango wake huridhika kwa uhuru wake hata faida ikiwa ndogo. Aliyefungua kwa sababu kila mwajiri alimkataa hubeba wasiwasi wa biashara pamoja na uchungu wa kukataliwa. Kuhusu sheria ya hapa, tazama swali la 11.

## Waliohamia Tanga

9. Haya mambo ya Ulaya na China yanaihusu nini Tanga?

Tanga ni mji uliojengwa na wahamiaji wa kazi. Mashamba ya mkonge yaliyofanya Tanganyika iongoze duniani yalilimwa na manamba kutoka Kigoma, Songea, Unyamwezi, Burundi, Rwanda na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua mikoani na kuwaleta. Kijana alihesabiwa siku zake kwenye kipande, kadi ya siku 30, na asipotimiza kazi ya siku, siku ile haikuandikwa.

Wengi walikuja na lengo moja dogo: kodi, nguo, baiskeli, mahari, halafu kurudi. Maadamu lengo lilikuwa karibu, kazi ngumu ilivumilika. Msemo wa Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini maelfu hawakuondoka. Waliooa huku na kupata kipande cha ardhi nje ya shamba la mwajiri walianza maisha mengine; wajukuu wao leo ni watu wa Muheza, Korogwe na Pongwe na hawaitwi wageni na mtu. Waliobaki kambini bila ardhi walikuwa na mshahara tu, na mshahara ulipoyumba hawakuwa na cha kushika. Uzalishaji ulizidi tani 200,000 mwaka 1964, kisha bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikachukua soko, mashamba mengi yakageuka pori. Kilichowaokoa watu ni ekari yao ya mihogo na undugu wa mtaani.

Ujumbe huo unawahusu pia walioletwa Chongoleani na ujenzi wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mradi wa ujenzi una mwisho. Anayepokea mshahara mzuri leo ajiulize ameshika nini pembeni.

10. Wale Wazigua waliotoka Somalia, wanaridhika huku?

Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani hii karne ya 19, wakaishia kwenye bonde la mto Juba, na wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 baadhi walikimbilia huku, wakakaa kambini Mkuyu, baadaye wakahamishiwa Chogo, wilayani Handeni, wakapewa ardhi ya kulima. Zaidi ya elfu moja walikuwa wamepata uraia kufikia mwaka 2009. Ndugu zao maelfu walipelekwa Marekani.

Hatuwezi kuwasemea moyo wao. Tunachoweza kusema ni kwamba waliokwenda Marekani wamepata mishahara ambayo Chogo haiwezi kuitoa, na waliokuja Handeni wamepata jembe, uraia na majirani wanaoielewa lugha ya bibi zao. Ukimfikiria mtu mmoja katika kila kundi, utaona kwa nini kipato peke yake hakitoshi kutabiri nani yuko kipago cha juu. Ila tusipambe: Handeni mvua ikikosa, heshima haijazi chungu.

11. Kibali kinahusiana nini na kuridhika?

Sana. Asiye na kibali hukubali mshahara mdogo, hashtaki akidhulumiwa, na kila gari la polisi humshtua. Hapa nchini ajira za wageni zinaongozwa na sheria ya mwaka 2015, na Julai 2025 serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa kutuma hela kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni na kuongoza watalii. Uipende amri hiyo au usiipende, aliyekuwa akiishi kwa biashara hizo anapaswa kuijua kabla hajaweka mtaji.

Pale karatasi zinapotolewa, hali hugeuka. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 waliokuwa nchini tangu 1972. Mtu mwenye uraia anaweza kupanda mwembe.

12. Mimi si wa nje ya nchi, ni mvuvi wa dago. Nami nahesabiwa?

Ndiyo. Anayetoka Pemba au Kigombe kufuata samaki miezi kadhaa anapita mambo haya kwa udogo wake: upweke, kulala kambini, hela ya mara moja. Faida yako ni kwamba unajua msimu wa kurudi, na kujua hivyo kunapunguza mengi.

## Hela ya nyumbani

13. Kutuma hela kunaongeza kuridhika au kunapunguza?

Kunafanya yote mawili, na kinachoamua ni nani anayepanga kiasi. Anayetuma kwa mpango wake hujiona mtu wa maana. Anaona tofali zikipanda. Anayetumiwa ujumbe kila usiku wa msiba, ada, mahari na gari la mjomba hugeuka kuogopa simu ya nyumbani, na akishaiogopa amepoteza dawa ya upweke aliyokuwa nayo.

Gharama nazo zinauma. Umoja wa Mataifa umelenga ada ya kutuma hela nje ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, lakini kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu karibu asilimia 8. Kutuma mara moja kwa mwezi badala ya vijisehemu vinne hupunguza makato ya kudumu, na husaidia nyumbani wajipange.

14. Mwanangu anatuma kila mwezi, sikosi kitu. Ni utovu wa shukrani kuwa na huzuni?

Hapana, mama. Hela imepandisha ngazi. Haikuahidi kukaa nawe jioni. Rudi swali la 1.

## Maswali magumu

15. Watoto wetu waliozaliwa huko wataridhika kuliko sisi?

Si lazima. Mtafiti Mirna Safi alitazama nchi za Ulaya mwaka 2010 akakuta kwamba pengo la kuridhika kati ya wahamiaji na wenyeji halifutiki kwa miaka wala kwa kizazi cha pili, na kubaguliwa ni sehemu kubwa ya maelezo. Baba alijipima na Tanga. Mtoto anajipima na aliyekaa naye dawati moja, na akinyimwa kazi kwa jina lake, hawezi kujifariji kwamba ni mgeni. Mlezi asimjibu "ungejua tulikotoka". Anajua, anachouliza ni kingine.

16. Nimerudi. Kipato kimeshuka, na watu wanadhani nina hela. Hii hali ni ya kawaida?

Ni ya kawaida kabisa, na miezi ya mwanzo ndiyo migumu. Umeshuka kipato huku mizani yako ikiwa bado ile ya ugenini (swali la 4), na mtaa unakudai kama bado uko huko. Wanaotulia upesi ni waliorudi na kazi ya kufanya kesho yake. Akiba iliyowekwa bila shughuli huisha kwenye michango. Ukiweza, anzisha shughuli miezi sita kabla ya kurudi, ukiwa na mtu unayemwamini, na uiendeshe kwa fedha ndogo uone kama inasimama.

17. Nyumbani nimewaambia nafanya kazi ofisini, kumbe nasafisha vyoo. Nifanyeje?

Wanaouliza hili huandika usiku. Wanaliuliza wanaume kuliko wanawake, na wasomi kuliko wengine.

Uongo huo huanza kwa kumwonea mama huruma, kisha unazaa madai: mtu wa ofisini ataombwa kama mtu wa ofisini. Unatuma usichonacho, unakopa, unaahirisha kurudi kwa sababu ukirudi utatakiwa ufanane na hadithi yako. Hapo kazi yenyewe, ambayo inaweza kuwa halali na yenye malipo ya kutosha, inageuka kitu cha kufichwa, na kuridhika nacho kunakuwa hakuwezekani.

Huhitaji kumtangazia ukoo mzima. Chagua mmoja, mara nyingi shangazi au kaka mkubwa mwenye kifua, umweleze kazi unayofanya na saa zake. Kisha wewe na yeye mpange kiasi cha kila mwezi ambacho hakitazidi, na yeye ndiye awe wa kwanza kupokea maombi ya nyumbani kabla hayajakufikia. Kiasi hicho anza nacho mwezi huu, hata kama kazi yenyewe utaieleza kwa wengine mwakani.